Mbuzi wa jirani au panya?

SWALI: Ndugu mhariri, nina kipande cha malisho upande wa Kibumba, kaskazini mwa Goma, ambacho nilikizungushia ukuta wa mawe ya lava ili mbuzi wasiingie, kisha nikapanda miche ya kaliandra, mti mdogo wa kulishia mifugo. Nyasi zimestawi hadi magotini, lakini kila asubuhi nakuta miche kadhaa imekatwa karibu na ardhi. Je, nimshitaki jirani mwenye mbuzi, au nitege sumu? (Mfugaji, Goma)

JIBU: Ndugu mfugaji, kabla hujafika kwa chifu, piga magoti ulitazame jeraha lenyewe. Mbuzi hana meno ya mbele katika taya la juu, kwa hiyo huvuta na kuchana, akiacha nyuzi zinaning'inia. Panya hukata kwa mshazari, pakawa laini kama pamepita wembe, na mara nyingi huacha kipande palepale. Mche ulionyauka wima, ukang'oka kwa vidole viwili bila mizizi, ni kazi ya fuko, na hiyo ni kesi nyingine.

Nashuku panya, na uniwie radhi, mwenyeji wake ni wewe. Huko Laikipia, Kenya, ambako tangu 1995 watafiti wamezungushia viwanja vya savana uzio wa kuzuia wanyama wakubwa, panya waliongezeka karibu maradufu ndani ya uzio, kwa kuwa hawakuwa tena na mshindani wa chakula. Miche michanga ya migunga, ambayo mtu angedhani imepata usalama, ikafa kwa wingi zaidi kuliko ile iliyobaki nje pamoja na swala na ng'ombe. Ukuta wako umefanya vivyo hivyo, tena mianya ya mawe yake ni nyumba tayari.

Sumu siipendi: bundi na paka wakila panya aliyekufa nayo, huweza kufa pia, na panya wapya huingia upesi. Fyeka nyasi umbali wa mita moja kuzunguka kila mche na mita mbili kandokando ya ukuta, kwa kuwa panya huogopa kupita mahali peupe. Mche uvishe kipande cha bidoni (dumu la plastiki) kilichokatwa pande zote mbili, ukikizamisha ardhini kiasi cha vidole vinne. Nyasi ulizofyeka usizilundike shinani, maana zitakuwa maficho mapya. Mpelekee jirani, awape mbuzi wake.