Kuliona faili la mirathi ya baba yenu

Dada, pole sana. Unauliza utajuaje kama ndugu yenu wa kambo amefungua kesi ya mirathi Nakuru bila kuwaambia, na kama mahakama itakuruhusu kulisoma faili.

Kwanza tafuta namba ya kesi. Ombi la mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya ili mwenye pingamizi ajitokeze, na matoleo yake yanasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Tafuta jina la baba kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha ujaribu kila namna linavyoandikwa. Herufi moja tu inaweza kukupoteza. Tangazo litakuonyesha mahakama na namba. Usiangalie Mahakama Kuu peke yake, maana hata mahakimu husikiliza mirathi, na Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi.

Ukishaipata, nenda masjala ya mahakama hiyo na kitambulisho chako na cheti cha kifo. Omba kulisoma faili, lipa ada rasmi, udai risiti.

Faili likifunguliwa, anza na barua ya chifu na fomu P&A 5, yaani hati ya kiapo inayoambatana na ombi la mirathi, panapoorodheshwa warithi na mali. Kama majina yenu hayamo, au humo faili lina saini zenu za ridhaa ambazo hamkutia, omba nakala zilizothibitishwa siku hiyohiyo umpelekee wakili. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinairuhusu mahakama kubatilisha hati ya usimamizi wa mirathi iliyopatikana kwa kuficha ukweli, hata kama imeshathibitishwa.