Jibu: Kikapu cha Wacherokee kinapasuka ukingoni

Salaam dada. Umesema unasuka kikapu cha tabaka mbili kwa mtindo wa Wacherokee, wenyeji asilia wa Marekani, na kila ukifika ukingoni na kukunja mwanzi urudi chini, unapasuka.

Angalia kwanza unene wa chane, yaani vile vipande vyembamba vya mwanzi unavyosukia. Zangu zilinivunjikia hapohapo kwa miezi, mpaka mama mmoja Mcherokee kule North Carolina alipoizungusha moja kidoleni, ikalia "ka!" Akanishikisha yake: ganda la nje bado linang'aa, lakini nyama ya ndani ameikwangua kwa kisu hadi chane imelegea kama utepe. Tangu siku ile nakwangua, nalowesha, kisha naizungusha kidoleni kabla haijaingia kikapuni. Inayogoma naitoa.

Halafu urefu. Chane zilezile huanzia kitako cha ndani, hupanda, hukunjwa ukingoni, kisha hushuka hadi kitako cha nje, bila kuungwa popote. Ukizikata fupi utazivuta kwa nguvu, na zitapasuka tu.

Rangi uipike kabla ya kusuka. Mizizi ya mti wa mjozi mweusi (black walnut) hutoa kahawia iliyokolea.

Usiache, dada yangu. Lottie Stamper, Mcherokee wa North Carolina, alijifunza usukaji huu kwa kutazama picha ya kikapu kilichohifadhiwa British Museum, jumba la makumbusho la London, akawafundisha wanafunzi wake. Kwa picha tu!

Tuwekee picha ya chane zako, upande wa ndani, tuone zimekwanguliwa kiasi gani.