Alama ya 1.7 Iliyomliza Bibi

Maswali ya wasomaji kuhusu maisha ya chuo kikuu, ndani na nje ya nchi

SWALI: Mwalimu, assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Ngamiani, hapa hapa Tanga. Binti yangu yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu Dar es Salaam, mtoto wa kaka yangu anasoma Ujerumani, na kijana wa jirani, niliyemlea kama wangu, yuko India. Wakipiga simu, kila mmoja husimulia chuo kana kwamba hawakwenda kutafuta kitu kimoja. Wa India anasema geti la bweni hufungwa usiku, na mtu asipohudhuria vipindi vya kutosha hafanyi mtihani. Wa Ujerumani anasema tangu aanze hajaulizwa na mtu yeyote kama alikwenda darasani. Mwezi uliopita huyo wa Ujerumani alitutumia picha ya karatasi ya matokeo, na wastani wake ulikuwa 1.7. Binti yangu, aliyekuwa nyumbani likizo, alishika mdomo akasema, "Mama, huyu kwetu angeshadisko," yaani angeshafukuzwa chuo kwa matokeo mabaya. Bibi yao alilia siku nzima, nami nimeshindwa kumuuliza kijana nisije nikamvunja moyo. Nani kati yao anasema kweli? Na je, naweza kupiga simu chuoni kwake nikaulizia maendeleo yake?
Mama wa Ngamiani

JIBU: Wa alaykumu salaam, mama yangu. Kabla ya yote mwambie bibi afute machozi, kwa sababu mjukuu wake amefaulu vizuri. Ujerumani huhesabu alama kinyume na sisi: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, kati ya 1.6 na 2.5 huitwa nzuri, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 maana yake mtu amefeli. Kwetu 5.0 ndicho kilele, daraja la kwanza linaanzia 4.4, na aliye chini ya 2.0 ana haki ya kukosa usingizi. Binti yako hakukosea. Alipima kwa kibaba alichopewa. Siku atakapomtumia binamu yake wastani wake (GPA) wa 4.8 kwa fahari, rafiki zake wa kule nao watamwonea huruma.

Kuhusu ukweli, wote watatu ni wakweli. Watu wakirudi kutoka ng'ambo hupenda kusimulia majengo na baridi, na mambo hayo mtu huyazoea kabla muhula haujaisha. Mimi nikitaka kujua maisha ya chuo fulani yakoje huuliza jambo moja tu: mwanafunzi asipoonekana siku tatu, nani atamuulizia?

Kwa kijana wa jirani yako, atakayemuulizia ni chuo chenyewe. Katika vyuo vingi vya India mwanafunzi hutakiwa kuhudhuria angalau asilimia 75 ya vipindi, majina huitwa darasani, na aliyepungukiwa huweza kuzuiwa kufanya mtihani. Bweni lina msimamizi anayejua nani ametoka na saa ngapi, na mara nyingi wasichana hufungiwa mapema kuliko wavulana, jambo ambalo mwaka 2015 liliwafanya wanafunzi wa kike wa Delhi kuanzisha vuguvugu liitwalo Pinjra Tod, yaani "vunja tundu". Mzazi naye ameingizwa katika utaratibu huo: tangu kanuni za mwaka 2009 za kuzuia wanafunzi wapya kudhalilishwa na wakongwe, mwanafunzi hutia saini ahadi ya kutoshiriki uonevu huo, na mzazi wake vilevile. Kwa ufupi, kule mtoto wa miaka 20 bado ana wazazi wawili, mmoja nyumbani na mwingine ofisini kwa msimamizi wa bweni.

Kwa Ujerumani hakuna atakayemuulizia, na hilo halitokani na roho mbaya. Wilhelm von Humboldt na wenzake walipoanzisha chuo kikuu cha Berlin mwaka 1810, walishikilia kwamba mwalimu awe huru kufundisha na mwanafunzi awe huru kujifunza, na uhuru huo wa pili unajumuisha uhuru wa kutokwenda darasani. Vyuo vingi vya kule havina hata uzio wala geti. Jengo moja liko mjini karibu na soko, jingine ng'ambo ya reli, na wanafunzi wanapishana katikati kwa baiskeli, jambo ambalo mtu wa Tanga hatahitaji kufundishwa.

Nilipofika huko kwa masomo ya uzamili, ratiba yangu iliandika kipindi cha kwanza "10 c.t.". Nilifika saa nne kamili ya asubuhi, nikakuta ukumbi mtupu, nikadhani nimekosea jengo, nikazunguka ngazi tatu nikitafuta watu. Niliporudi nikitokwa jasho kwenye baridi, walikuwa ndio kwanza wanaingia. Herufi hizo mbili ni za Kilatini, na maana yake ni kwamba kipindi kinaanza robo saa baada ya saa iliyoandikwa. Nilistaajabu kuwakuta watu wanaosifika kwa kushika saa wameuandikia uchelewaji sheria. Mhadhara ulipokwisha, ukumbi mzima ulianza kugonga meza kwa vifundo vya vidole, nami nikaamini kwamba profesa amewaudhi. Kumbe ndiyo makofi yao.

Sasa mtazame binti yako. Dar es Salaam chuo hakimfuati sana, lakini wenzake hawamwachi. Enzi zangu Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulikuwa tunabebana, maana yake aliyekosa chumba hupokewa na aliyepata, na katika godoro la futi mbili na nusu tukalala mzungu wa nne mwaka mzima. Niliposhikwa na malaria, kabla ya adhuhuri mmoja alikuwa ameshaleta uji, mwingine amenakili madesa yangu, yaani muhtasari wa masomo, kwa mkono wake, na kiongozi wa darasa ameshakwenda kumwombea mgonjwa wake nafasi ya kufanya jaribio baadaye. Pilau iliyotoka nyumbani Tanga ndani ya ndoo haikumaliza robo saa. Kule Ujerumani niliugua mafua juma zima, na mtu pekee aliyegundua kwamba sionekani alikuwa jirani wa bwenini, ambaye alibandika kikaratasi kwenye rafu yangu ya jokofu kuniarifu kwamba maziwa yangu yameharibika. Rafu ilikuwa na jina langu, na maziwa pia. Nilikasirika siku hiyo. Baadaye nilikuja kumwelewa, kwa sababu kwa adabu ya kwao kugonga mlango wa mtu aliyejifungia ndiko kungekuwa kukosa heshima.

Mtindo wetu tuliurithi, ila tuliukarabati. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na kilipohamia Mlimani mwaka 1964 kilijengewa mabweni yake kwa desturi ya Kiingereza ya mwanafunzi kuishi chuoni. Katika desturi hiyo chuo kilisimama mahali pa mzazi. Lakini Waingereza wenyewe, mwanzoni mwa mwaka 1970, walishusha umri wa utu uzima kutoka miaka 21 hadi 18, na tangu hapo chuo kikawa hakina mtoto wa kulea. Sisi tulibaki na mabweni, na nafasi ya mzazi ikajazwa na wenzetu wa chumbani.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la simu: ukipiga Ujerumani hutaambiwa lolote. Kijana aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima, na matokeo yake ni siri yake. Uingereza ni hivyo hivyo, na Marekani kuna sheria ya mwaka 1974 inayomkabidhi mwanafunzi mwenyewe haki juu ya kumbukumbu zake mara tu anapoingia chuoni, hata kama baba ndiye mlipa ada. Kwa hiyo mpigie yeye. Ila usimuulize kama anakwenda darasani. Wewe shangazi yake muulize mambo mawili: je, amejiandikisha kwa mitihani ya muhula huu, na je, amelipa mchango wa muhula unaofuata? Kule mwanafunzi hujiandikisha mwenyewe kwa kila mtihani, asipolipa mchango hufutwa kwenye orodha, na katika kozi nyingi akifeli mtihani uleule mara ya tatu hawezi tena kusoma fani hiyo katika chuo kingine chochote cha Ujerumani. Huko ndiko kudisko kwao, na hakutanguliwi na barua ya onyo kwa mzazi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, naishi Dunda, Bagamoyo. Rafiki zangu wananiambia nisihangaike na mkopo wa hapa, kwa sababu ng'ambo mwanafunzi anafanya kazi na kujisomesha mwenyewe. Je, ni kweli?
Kijana wa Bagamoyo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli nusu, na nusu hiyo imewaingiza wengi matatani.

Kufanya kazi kunaruhusiwa katika baadhi ya nchi, kwa kipimo. Uingereza mwanafunzi wa kigeni wa shahada hufanya kazi si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Marekani ni saa 20 pia, na kwa mwaka wa kwanza kazi iwe ndani ya chuo. Kanada waliongeza hadi saa 24 kuanzia Novemba 2024. Ujerumani huhesabu siku, nazo ni 140 kamili kwa mwaka. India viza ya mwanafunzi hairuhusu ajira kabisa, kwa hiyo anayekwambia atajisomesha kule muulize kwa fedha gani.

Jambo ambalo rafiki zako hawakukwambia ni kwamba fedha hudaiwa kabla hujapanda ndege. Ujerumani vyuo vya umma kwa sehemu kubwa havitozi ada. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo lililoanza mwaka 2017 kuwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Pamoja na hayo, mwombaji viza kwa kawaida hutakiwa kuonyesha akaunti maalumu yenye euro 11,904 za kujikimu mwaka mmoja, fedha ambazo hawezi kuzitoa kwa mkupuo. Hufunguliwa euro 992 kila mwezi. Hapo Bagamoyo nawajua watu waliouza shamba kwa ajili ya akaunti hiyo, na sisemi walikosea, lakini walijua wanachokifanya.

Nami nilifanya kazi, niliosha vyombo kwenye bwalo la chuo. Kule mlaji hurudisha sinia lake mwenyewe juu ya ukanda unaotembea, nao unalipeleka nyuma ya ukuta, ambako mimi na mvulana mmoja wa Uturuki tulikuwa tunalipokea. Masinia hayakusubiri mtu apumue. Malipo yalinitosha chakula na nauli ya treni, na yasingetosha ada hata ya robo muhula katika nchi inayotoza ada. Usiku nilisinzia juu ya vitabu, na kwa kuwa hakuna aliyeniulizia, muhula ule niliahirisha mitihani miwili bila mtu kujua. Hivyo ndivyo kozi ya miaka miwili inavyogeuka kuwa ya mitatu.

Mkopo wa Bodi, usiudharau. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na pamoja na malalamiko yote kuhusu bumu, yaani fedha za kujikimu, kuchelewa, posho ya chakula na malazi ya shilingi 10,000 kwa siku hukuacha na jioni yako ya kusoma. Utaulipa ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, na makato hayo yanauma. Kama moyo wako uko ng'ambo, somea shahada ya kwanza hapa, kisha tafuta ufadhili wa uzamili, ambao huwa na nafasi nyingi zaidi. Na kama kinachokuvuta ni India yenyewe, kumbuka kwamba IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023, hata boti ya kutoka Dar es Salaam haijakuchosha umeshafika.

SWALI: Mwalimu, mwanangu amepata nafasi ya kusoma kaskazini mwa Uingereza. Mimi mzee wa Pangani nina wasiwasi mmoja tu, Ramadhani. Atafungaje na masomo?
Baba wa Pangani

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ametokea kwenda wakati mwepesi. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, na kwa kule kaskazini msimu ndio unaoamua urefu wa saumu. Mwaka 2016 uliangukia Juni, na kaskazini mwa Uingereza watu walifunga zaidi ya saa 18. Miaka hii unaangukia majira ya baridi, na mwaka 2030 utaanza mara mbili, Januari na tena Desemba, wakati ambapo magharibi huingia kabla ya saa kumi na moja jioni.

Chuo hakitabadilisha ratiba wala mitihani kwa ajili ya mfungo, lakini vyuo vingi vya Uingereza vina chumba cha sala na jumuiya ya wanafunzi Waislamu wanaofuturu pamoja, kwa hiyo futari haitamsumbua. Atakachokosa ni ngoma ya daku. Mnunulie saa ya kengele ya pili ya kuweka mbali na kitanda, kwa sababu ile ya kwenye simu ataizima akiwa usingizini.