Kwa kijana wa Kasulu mwenye peltier mbili: tafuta baridi kwanza

Juzi usiku kijana mmoja wa Kasulu aliniandikia: "Kaka shikamoo. Nimenunua peltier mbili, nimezibandika kwenye jiko la mkaa nichaji simu. Mita inapanda hadi volti 2, halafu inashuka mpaka 0.3. Nimekosea wapi?"

Peltier ni kipande chembamba cha kupozea kwa umeme, lakini ukikipasha upande mmoja kinaweza kutoa umeme. Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Namba hizo nazijua. Nilizisoma kwenye mita yangu mwenyewe mwaka 2016, mbele ya meza ya majaji.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ufundi, na nilikuwa nimechaguliwa kwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya ubunifu. Nilibeba jiko la mkaa lenye peltier nne ubavuni, vile vipande vya mraba vya milimita 40 vyenye waya mwekundu na mweusi, vimeandikwa TEC1-12706. Nilivinunua Kariakoo kwa hela ya matumizi ya mwezi mzima. Chumbani nilikuwa nimelijaribu mara nyingi, dakika mbili mbili, na taa ikawaka kila mara. Nilikuwa na uhakika wa ushindi, hata mama nilishampigia simu.

Majaji walichelewa. Walipofika kwangu, mkaa ulikuwa umeshawaka dakika 40 na ukumbi mzima ulikuwa joto tupu. Taa haikuwaka. Mita ikasoma 0.3. Jaji mmoja akaniuliza, "Sasa hiki kinafanya nini?" Kabla sijajibu akaandika kitu kwenye karatasi yake na kusogea meza ya pili. Nimesamehe, lakini swali lile bado nalisikia.

Usiku ule nilikifungua kipande kimoja. Kiliachana chenyewe vigae viwili, na vipunje vya kijivu vikamwagika kiganjani kama pilipili manga iliyotwangwa nusu. Lehemu iliyovishika ilikuwa imeyeyuka. Vipande vile vimetengenezwa kwa ajili ya kupoza, na lehemu inayotumika ndani yake mara nyingi huyeyuka kwenye nyuzi 138 hivi. Mkaa unapita hapo bila hata kupepewa.

Lakini hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa ndilo lako pia, mdogo wangu: tulidhani umeme unatoka kwenye joto. Umeme unatoka kwenye tofauti kati ya upande wa moto na upande wa baridi. Kipande kile kina jozi 127 za vipunje, na kwa jumla kinatoa kama volti 0.05 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Dakika ya kwanza upande wa juu bado ni wa baridi, unaona volti 2 na kufurahi. Kisha joto linapenya, pande zote mbili zinaungua sawa, tofauti inakwisha na volti zinakwenda nayo.

Baada ya hapo nilikaa miaka bila kugusa kitu. Niliporudi nilianza kwa kusoma, jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Thomas Seebeck aliliona jambo hili mwaka 1821: aliunganisha metali mbili kuwa duara, akapasha kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Miaka ya 1950 Wasovieti walitengeneza taa ya mafuta ya taa iliyoendesha redio vijijini. Itazame picha yake: sehemu kubwa ya kile chombo ni mapezi, yaani mabamba membamba ya chuma ya kupoza. Vyombo vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vinapata umeme kwenye joto la plutoniamu, na navyo vina mapezi yanayomwaga joto kwenye baridi ya anga. Wote hao walihangaikia baridi.

Julai 2021 nilikuwa nyumbani Njombe. Ukungu ulikuwa umefunga siku ya nne, paneli ya sola haikutoa kitu cha maana, na simu ya mama ilikuwa imezima. Nikakata bamba la alumini, nikaliweka pembeni ya mafiga linyonye moto wa kuni, na juu yake nikabana vipande viwili vya aina inayotengenezwa kwa kuzalisha umeme, inayohimili joto kubwa zaidi. Juu ya vipande sikuweka mapezi wala feni. Niliweka sufuria ya maji lita 2, maji ya Njombe ya Julai, yanayouma vidole.

Kupitia saketi ya kupandisha volti nikapata volti 5 na wati moja na robo hivi. Maharage yalichukua karibu saa tatu kuiva, na betri ya kile kisimu cha batani ikapanda kutoka mstari mmoja hadi mitatu. Kila baada ya saa nilibadilisha maji, na yale ya moto mama akaoshea vyombo. Aliposikia simu yake inaita palepale jikoni, alinitazama bila kusema neno. Sijapata kikombe cha mashindano kinachofikia hapo.

Kwa hiyo hangaikia upande wa baridi. Vijana wengi mnataka kurekodi video kabla ya kupima, na mkipima mnapima bila mzigo, yaani bila kitu kinachotumia umeme huo. Volti za bila mzigo zinadanganya; funga taa au simu ndipo usome. Kati ya kipande na bamba paka pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto kwenye kompyuta, iwe nyembamba, bana skrubu zote sawasawa, bamba liwe limenyooka kabisa. Halafu rudi kwenye upande wa baridi. Usiote kuwasha televisheni: kwa jiko la nyumbani, ukigeuza sehemu 3 kati ya 100 za joto linalopita kuwa umeme, umefanya kazi nzuri. Mchana wa jua kali tumia sola. Hii ni ya usiku na masika, wakati moto upo jikoni kwa ajili ya chakula.

Leo zitoe peltier zako jikoni, ziache zipoe kabisa, kisha pima omu kwenye waya zake. Nzima husoma kama omu 2. Mita isiposoma kitu, peltier hiyo imekufa, usiirudishe. Ikisoma, niandikie, nitakutumia mchoro wa bamba langu.