Binti yako na chuo cha Bryn Mawr

Dada, umeuliza kama binti yako atadumaa kimasomo akienda Bryn Mawr, Marekani, kwa kuwa ni chuo kidogo cha wanawake. Hilo lisikutie hofu. Kilifunguliwa 1885, na tangu mwanzo kiliwapa wanawake nafasi ya kusoma hadi uzamivu, wakati vyuo vingi viliwafungia milango. Darasa la watu wachache halina pa kujificha: usiposoma, mwalimu anajua. Mitihani mingi ya mwisho wa muhula mwanafunzi hujipangia muda mwenyewe, hasimamiwi, anaaminiwa tu. Hilo nalipenda mno! Na akitaka somo lisilofundishwa hapo, chuo cha Haverford ni jirani, anaruhusiwa kusoma huko. Ila mnunulie koti zito.