Kazi Yenyewe ni Kuuliza

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, mtu anayependa kuandika anaweza kujenga ajira ya kudumu katika uandishi wa kiufundi na wa kibiashara, na aanzie wapi?" Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, kwanza kwenye miongozo ya programu za uhasibu, kisha kwenye maandiko ya miradi na ripoti za kampuni. Jibu langu ni ndiyo, anaweza. Ila kupenda kuandika peke yake hakumfikishi mtu mbali, na wengine huwa ndiko kunakowakwamisha. Wanaodumu ni wale wasioona haya kuuliza.

Mwongozo wa mtumiaji hautoki kichwani mwa mwandishi. Unatoka kwa mhandisi aliyeunda mfumo, mtu mwenye haraka zake, aliyeuzoea mfumo huo hata hakumbuki tena ni kipi kinachomtatiza mgeni. Ukimwendea na kumwambia "nieleze mfumo unavyofanya kazi", atakuhutubia saa nzima nawe utaondoka na kurasa za istilahi. Mwulize vitu vidogo. Mtumiaji akifunga dirisha kabla ya kuhifadhi, kinapotea nini? Ujumbe huu wa hitilafu unatokea lini? Nani anaruhusiwa kufuta rekodi, na akiifuta kwa bahati mbaya inarudi? Si mara moja nimeuliza hilo la mwisho na chumba kizima kikanyamaza. Basi hapo mwandishi ameshaustahili mshahara wake kabla hajaandika mstari hata mmoja.

Usingoje upate majibu yote. Andika rasimu upesi, mashimo yake yaache wazi, umpelekee. Wahandisi wengi hawana muda wa kueleza, lakini sijakutana na aliyekosa muda wa kukosoa.

Halafu jaribu maelekezo yako mwenyewe, hatua kwa hatua, kwenye kompyuta ambayo programu hiyo haijawahi kusakinishwa. Vizuri zaidi, mkabidhi mtu ambaye hajawahi kuiona, ukae nyuma yake, ufunge mdomo. Hili la kufunga mdomo ndilo gumu kuliko yote. Anapokwama ndipo aya yako ilipokosea, hata kama sarufi yake haina doa.

Wenzetu wa matengenezo ya ndege wamelichukulia suala hili kwa uzito kuliko sisi sote. Wana kanuni iitwayo ASD-STE100, Kiingereza kilichorahisishwa kwa ajili ya nyaraka za kiufundi: sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20, ya maelezo isizidi 25, na kila neno lililoidhinishwa litumike kwa maana moja tu. Fundi anayesoma pengine Kiingereza si lugha yake, na hana ruhusa ya kukisia. Mpenda fasihi ataona amefungwa pingu. Mimi nasema chukua ukurasa wako wowote, wa lugha yoyote, uunyooshe kwa masharti hayo, utaona ni mara ngapi sentensi ndefu ilikuwa inaficha jambo ambalo hukulielewa.

Uandishi wa kibiashara una maradhi yake: jambo kubwa huzikwa katikati. Mfano ninaowapa wanaoanza ni wa Januari 2003, chombo cha anga Columbia kilipokuwa bado angani. Kipande cha povu gumu linalokinga tangi la mafuta kilikuwa kimebanduka wakati wa kuruka na kugonga bawa la kushoto. Wahandisi wakaandaa slaidi kwa ajili ya wakubwa wa NASA, shirika la anga la Marekani. Kichwa cha slaidi moja kilileta matumaini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndipo palipoandikwa kwamba ujazo wa povu lililohusika ni inchi za ujazo 1,920, ilhali majaribio yaliyotegemewa yalitumia kipande cha inchi za ujazo 3 tu. Tofauti ya zaidi ya mara 600, imekaa mahali ambapo jicho limeshachoka. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea duniani, wanaanga wote saba wakafa. Sisemi slaidi ndiyo iliyowaua. Lakini bodi ya uchunguzi ilikosoa waziwazi mazoea ya kuweka slaidi mahali pa ripoti kamili za kiufundi.

Kwa hiyo ripoti, andiko la mradi, hata barua ya kumwomba mteja aongeze muda: sentensi ya kwanza iseme unataka msomaji aamue nini, na takwimu inayoweza kubadili uamuzi huo ikae palepale juu. Historia ya kampuni yenu inaweza kusubiri.

Sasa pa kuanzia. Vyeti sivikatazi, ingawa sijaona mwajiri aliyenizuia mlangoni kwa kukosa kimoja, na Google inatoa kozi zake za uandishi wa kiufundi bure. Wanachotaka kuona ni sampuli. Miradi ya programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma na kuzirekebisha, ina uhaba wa nyaraka usiokwisha: tafuta programu unayoitumia, fuata maelekezo yake ya usakinishaji, palipokukwaza pasahihishe, utume marekebisho. Yakikubaliwa yanabaki hadharani yakiwa na jina lako, pamoja na mjadala unaoonyesha jinsi unavyopokea ukosoaji, na mwajiri makini huusoma mjadala huo kwa makini kuliko ukurasa wenyewe. Kwa upande wa biashara, chukua tangazo au ripoti iliyokwisha kuchapishwa, iandike upya, uziweke zote mbili kando kwa kando. Nyaraka za siri za mwajiri wako wa zamani usizionyeshe kwa yeyote. Anayeziona atajiuliza zake zitaishia wapi.

Markdown, yaani alama nyepesi za kupangia maandishi, utaijua kwa siku chache; Git, zana ya kutunza matoleo ya faili, kwa muda zaidi kidogo. Zana hubadilika, zisikutie hofu.

La maana ni fani. Muuguzi, mhasibu au fundi umeme anayeandika sentensi zinazoeleweka ana nafasi kubwa kuliko mhitimu wa lugha anayeandika vizuri juu ya kila kitu. Aliyesoma lugha tupu achague fani moja na aisome hadi aweze kuuliza maswali yanayomfanya mtaalamu anyamaze kidogo kabla ya kujibu.

Kwa wanaojitegemea: kataeni kulipwa kwa neno. Katika kazi hii kurasa kumi zikigeuka nne ni ufundi, na malipo kwa neno yanakuadhibu kwa ufundi huo. Toza kwa mradi, uandike kwenye mkataba ni duru ngapi za marekebisho, na ni nani mmoja mwenye neno la mwisho. Hilo la mwisho likikosekana, idara tatu zitakuvuta kila moja kwake.

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa kuhusu hali ya sasa. Akili mnemba inatoa rasimu safi kwa sekunde chache, na kazi za kupiga sentensi pasi zinapungua. Hata Society for Technical Communication, chama kikongwe cha taaluma hii nchini Marekani, kilitangaza kufungwa Januari 2025 kwa sababu za kifedha. Lakini mashine hiyohiyo itakuandikia kwa ujasiri hatua ya kubonyeza kitufe ambacho hakipo, kwa kuwa haikumuuliza mhandisi wala haikukaa nyuma ya mtumiaji. Anayeweza kuyafanya hayo mawili aombe kuitwa kwenye vikao tangu bidhaa ikiwa mchoro. Akiitwa wiki ya mwisho, atakachopewa ni orodha ya vitufe, na orodha hiyo mashine inaiweza.