Picha za Mama Kwenye Kofia ya Taa

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba. Marehemu mama yangu alituachia bahasha ya picha za zamani, nyengine za harusi yake na nyengine za sisi watoto tukiwa skuli. Nina taa ya mezani ambayo kofia yake ya kitambaa imechakaa, na ninatamani kuipamba kwa picha hizo ili zikae ukumbini badala ya kufungiwa kabatini. Mume wangu anahofia kuwa zitaungua, na wifi yangu anasema haifai kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yetu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Unalolitaka linawezekana, lakini kabla hujashika mkasi nakusihi usizibandike picha zenyewe. Picha huzaliwa kwa mwanga na mwanga huohuo huila. Picha ya rangi inayomulikwa kila usiku kwa karibu hupauka, na iliyokwishagusana na gundi haibanduki ikiwa nzima. Picha za harusi za zama zile aghalabu zilipigwa studio, mfano wa Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mpigaji ndiye aliyebaki na negativu, yaani filamu ya kusafishia nakala nyengine. Kwa hiyo iliyomo katika bahasha yako huenda ndiyo pekee iliyosalia duniani.

Zipeleke zikaskaniwe kwa nukta 300 kwa inchi, au 600 ikiwa picha ni ndogo na unataka kuikuza, kisha uchapishe nakala. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani huchagua karatasi nene ya picha inayong'aa, na taa ikiwashwa haionekani sura ya mtu bali doa jeusi. Tumia karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ile wanayoitumia wachoraji wa ramani za nyumba, na umwombe mchapaji aifanye picha iwe nyeupe kidogo kuliko kawaida. Mashine ya leza ni bora kuliko ya wino wa maji, ambao katika unyevunyevu wa visiwa vyetu huchuruzika hata kabla ya gundi kukauka.

Kama kofia yako ni ya duara iliyonyooka, karatasi ya mstatili itatosha. Ikiwa ni nyembamba juu na pana chini, ilaze juu ya gazeti, uibingirishe taratibu huku ukifuatisha kingo zake kwa penseli, nawe utapata umbo la upinde la kukatia. Ondoa kwanza kutu kwenye waya wa ndani, maana hewa ya bahari haikosi kuutia kutu, na kutu hupenya ikachafua karatasi. Bandika kwa gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji kidogo, ukianzia katikati na kusukuma hewa kuelekea pembeni. Uji wa ngano uache, kwani huota ukungu na huwaita mende. Wakati wa masika iache ikauke siku mbili nzima.

Mume wako ana haki ya kuhofu ikiwa taa hiyo ina globu ya kizamani ya wati 60, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka joto. Weka ya LED ya wati 8 au 9, ambayo mwanga wake unakaribiana na huo, hakikisha haigusi karatasi, na tundu la juu lisizibwe.

Ama wifi yako, naona inafaa asikilizwe. Bibi harusi aliyepigwa picha akiwa amepambwa, kichwa wazi, alipigwa kwa ajili ya watu wake, na ukumbini huingia kila mgeni. Picha hizo ningeziweka kwenye taa ya chumbani, na ukumbini ningeweka zenu za skuli, baada ya kuwauliza ndugu zako waliomo. Na kama chumba hicho husaliwa, taa isikae upande wa kibla.

Picha asili zirudishe kwenye bahasha mpya ya karatasi, si ya plastiki, na nyuma ya kila moja andika kwa penseli laini jina la mtu na pahala, maadamu wapo wazee wa kukutajia.